Picha ya Diwani wa Mswaki

Juzi nilirudi Isiolo kwa mazishi. Nikapita mtaa wa Wabera kwa miguu, nikakuta kuta zimebandikwa nyuso za wagombea kila mahali. Suti zile zile, meno nje, huyu hutamtofautisha na yule. Nilisimama pale nikitazama mpaka kijana wa boda akaniuliza, mama, unaenda wapi? Ningemjibu nini, rafiki yangu? Kwamba namtafuta diwani mwenye mswaki mdomoni?

Diwani huyo alikuwa babu yangu mzaa mama, na mimi nililelewa kwake. Alikuwa mtoto wa askari wa zamani, wale walioachwa hapa enzi za mkoloni wakaoa na kufungua maduka. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alitandika mkeka kwenye baraza ya duka lake, na mwenye shida yake akaja. Alikuja mama aliyenyang'anywa kibanda sokoni, wakaja wafugaji waliogombania kisima, wakaja wazee wa Chechelesi na maneno yao ya mipaka. Nyanya alipika mikate ya anjera jikoni, moshi wa kuni ukimtoa machozi, na kazi yangu ilikuwa kupeleka chai. Nikifunga macho sasa hivi, naisikia ile harufu ya tangawizi na maziwa ya ngamia.

Babu alikaa na kijiti cha mswaki pembeni mwa mdomo, kichwa amekilaza upande wa anayesema, macho chini kwenye mkeka. Hakumkatiza mtu. Wengine walizunguka na hadithi mpaka chai ikaota ngozi, nikatumwa kuipasha tena. Ukimwona ametoa mswaki mdomoni, ujue sasa anataka kusema, na baraza yote inanyamaza.

Kulikuwa na fundi wa rangi, mtu wa kuandika majina kwenye malori, aliyekuwa na kesi ya ploti. Akawa anakuja asubuhi kungoja zamu yake, na katika kungoja akamchora babu kwenye plaiwudi kwa rangi ya lori. Hakuna aliyemtuma. Alimchora vile vile alivyokaa: kichwa upande, macho chini, mswaki mdomoni, na sikio kubwa limekuja mbele kabisa. Ukiitazama picha ile, wallahi, ulishikwa na hamu ya kuieleza shida zako. Babu alicheka mpaka akakohoa, akaitundika nje ya duka. Nyanya alikataa isiingie ndani, kwa sababu kwetu picha yenye uso haikai chumba cha kuswalia, malaika hawaingii. Lakini kila Ijumaa nilimwona akiifuta vumbi kwa pindo la leso, akidhani hatumwoni.

Miaka ikapita hivyo. Watu wa mbali wasiojua kusoma walishuka stendi wakauliza kwa yule wa mswaki, wakaonyeshwa. Kisha ukaja ule uchaguzi wa mlolongo. Kama hukuwepo, nikueleze: hapakuwa na karatasi ya kura. Watu walijipanga uwanjani nyuma ya mgombea, au nyuma ya picha yake, wakahesabiwa.

Wapiga debe wa babu wakaja juu. Picha gani hii, mzee amelala? Mheshimiwa gani anatafuna kijiti? Wakasema kiongozi ainue kidevu, avae tai, aangalie mbele. Mungu awasamehe, mimi bado. Nyanya, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya siasa, siku hiyo alitoka jikoni na unga mikononi akasimama mbele ya mumewe.

"Baba watoto, hiyo picha ndiyo wewe. Ukiibadilisha, watu watakutafuta wakukose."

Na yule mtu aliyewasikiliza walevi, wazee na watoto wa shule, hakumsikiliza mkewe. Alimwambia arudi jikoni, mambo haya hayajui. Fundi akaitwa. Alipaka juu ya ile ya kwanza, akaweka suti nyeusi, tai nyekundu na macho makali. Mswaki ukafutika. Sikio peke yake hakuligusa. Alisema limekauka vizuri, lina haja gani ya kuguswa.

Siku ya mlolongo babu alikwenda kituo kingine, na kwenye uwanja wa shule yetu wakala wake ndiye aliyeinua picha. Nilikuwepo, nimebanana na nyanya kwenye kivuli kidogo cha ukuta. Wafugaji walifika wakiwa na vumbi la safari, wakapita picha moja baada ya nyingine. Bibi mmoja wa Kiborana alisimama mbele ya picha ya babu muda mrefu, akaitazama juu mpaka chini.

"Huyu simjui," akasema. "Wa mswaki yuko wapi?"

Wakala alimweleza kuwa ni yeye huyu huyu. Bibi akaguna. Alidhani anadanganywa, na wenzake wakadhani hivyo hivyo. Wengine wakajipanga kwingine, wengine wakakaa chini wakimngoja wa mswaki, mpaka hesabu ikafungwa wakiwa bado wamekaa. Babu akaanguka.

Ningependa kukuambia alirudi kwenye mkeka wake. Hakurudi. Alisema watu wamemkana, akafunga geti, na asubuhi zetu zikawa kimya cha kuumiza. Nilizoea kupeleka chai ya watu ishirini, sasa nikawa napeleka kikombe kimoja. Alikufa na uchungu ule moyoni, na hakuna aliyemwambia kwamba wale watu walikuja kwa ajili yake, wakamtafuta.

Baada ya eda, nyanya aliishusha picha. Akachukua wembe, akaanza kukwangua ile suti taratibu, akimtafuta mumewe chini yake. Lakini rangi ya lori haijui huruma. Ya juu ilibanduka na ya chini, macho, mdomo, mswaki, vyote vikaanguka mapajani mwake. Alilia, na mimi nikalia naye. Likabaki sikio.

Jioni nilimkuta ameuingiza ubao ule chumbani, ameuegemeza ukutani karibu na kitanda. Nikamuuliza, nyanya, si ulisema picha haikai humu? Akasema sikio peke yake si mtu, malaika hawana neno nalo.

Duka sasa ni la simiti na mabati, baraza imevunjwa, na ubao sijui nani aliuchukua nyanya alipofariki. Najilaumu kwamba sikuuomba. Kwa miaka yote nyanya aliyobaki hai, baada ya swala ya alfajiri, nilimsikia kupitia ukutani akiongea polepole, akieleza bei ya sukari, magoti yake, watoto. Siku moja nilichungulia nikamuuliza anaongea na nani.

"Naongea na babu yako," akasema. "Siku ile alikataa kunisikiliza. Sasa ana nafasi."