Siku Niliyoua Ukungu wa Mama Mwaja

Nikilikumbuka jambo hili mpaka leo uso unaniwaka, lakini ninyi ni wenzangu, haya, nichekeni.

Nilikuwa bwana shamba kijijini Mkonze, enzi zile za ruksa, maduka ya madawa ya kilimo yanafunguliwa mjini kila kukicha, na mimi na cheti changu kipya nadhani najua kila kitu. Nyanya za Mama Mwaja, mjane mmoja wa pale, zilikuwa zinanyauka kila mwaka, basi nikamshawishi aache nyanya msimu mzima apande marejea, mimea ya kurutubisha ardhi, ayafukie udongoni (na watoto wanne wanakula kwa bustani hiyohiyo), halafu tuchanganye na samadi ukungu rafiki, ule unaokaa kwenye mizizi na kupigana na ukungu wa magonjwa, niliopewa na mtafiti mmoja.

"Mimi sijasoma, bwana shamba," akaniambia. "Nakuamini wewe."

Nyanya zikasimama, jamani! Mtafiti akasema ataleta wakulima wa Chamwino waje wajionee. Wiki mbili kabla, nikaona majani matatu (matatu tu!) yana madoa, nikaingiwa na hofu ya kuaibika, na badala ya kuuliza nikakimbilia mjini, muuza duka akanipa kopo, "Hii kaka haibakizi ukungu," nami nikanyunyizia majani, nikamwagia na mashina mpaka udongo ukalowa.

Wageni walipofika, nusu ya nyanya zilikuwa zimelala chini. Mtafiti akang'oa shina, akalipasua, ndani kahawia tupu, ule mnyauko wa zamani umerudi.

"Mmeweka kitu gani hapa?"

"Hakuna kitu," nikasema. (Hapo ndipo nilipojimaliza.)

Mama Mwaja, kwa nia njema kabisa, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kopo. "Si ulituwekea hii, bwana shamba? Umesahau?"

Mtafiti akasoma maandishi kwa sauti. Mzee mmoja wa Chamwino akauliza taratibu, "Sasa kama inaua ukungu, ule wetu wa kutusaidia iliutambuaje ikauacha?"

Kicheko kilicholipuka hapo! Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini Mama Mwaja hakucheka, aliinama akaanza kung'oa nyanya moja moja, na bila kuniangalia akauliza, "Na ule msimu wangu wa marejea, mwanangu?"

 Mwaka huo binti yake mkubwa aliacha shule akaenda mjini kufanya kazi za ndani. Mama tulipokutana njiani alinisalimia vizuri tu, "Mbukwenyi," akapita, bustanini hakuniita tena.

Niliapa sitatia kitu kwenye udongo wa mtu kabla sijamwambia, na nikiulizwa nimetia nini, nitasema. Kiapo nimekishika. Yule binti hakurudi darasani.