Sauti ya Fundi Friji

Mwandishi wa gazeti alipokuja kumhoji mama mkubwa, aliuliza yale yale wanayouliza wote: anapenda rangi gani, anapenda maua gani, na hayo mapenzi anayoyaandika anayatoa wapi. Mama mkubwa akajibu bila kupepesa macho kwamba anapenda waridi jekundu, na kwamba mbalamwezi ndiyo humpa mawazo. Mimi nilikuwa jikoni, nusura nimwage chai kwa kicheko. Waridi humtoa makamasi, na mbalamwezi ataionea wapi mtu ambaye saa tatu kashalala, soksi miguuni, redio ikimsomea taarifa ya habari?

Ukweli ni kwamba mawazo aliyatoa kwenye foleni. Foleni ya benki, ya daktari wa meno, popote watu wanapochoka hadi wakasahau kwamba wanasikika. Alimwona mume akimshikia mkewe mkoba huku amenuna, akarudi nyumbani mbio, na kufikia jioni yule mume alikuwa rubani wa ndege kitabuni. Tulikaa ghorofa ya kati, na ugomvi wa wapangaji wa juu aliusikiliza akiwa amezima feni ili asikose neno. Alipenda chai ya rangi ya kuunguza ulimi na mayai ya kuchemsha. Manukato aliyachukia, na filamu za mapenzi ndiyo usiseme. "Wanalia mno," alisema.

Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Nilikuja kwake kusomea ushonaji, nikanogewa, nikabaki.

Na kulikuwa na baba mkubwa, mumewe, fundi friji. Mtu mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mama mkubwa alikuwa na imani moja kwenye kazi yake: neno la mwanaume haliaminiki mpaka mwanaume alitamke. Basi kila jioni baba mkubwa akishanawa alikabidhiwa kurasa. Alikaa kwenye kochi na ovaroli lake, akasoma maneno ya rubani au ya daktari bingwa, na mama mkubwa alimpa mgongo, macho amefumba, vidole juu ya kompyuta, akisikiliza sentensi inakwama wapi.

"'Mpenzi, bila wewe anga ni tupu,'" alisoma baba mkubwa siku moja kwa sauti yake nzito. Kisha akainua macho. "Sasa huyu jamaa, ndege anamwachia nani?"

"Soma, mzee. Usinichekeshe."

Ndivyo walivyozeeka. Lakini siku nyingine, tukikunja nguo, mama mkubwa aliniambia jambo ambalo gazeti halikuwahi kulipata. "Mwanangu, huyu mzee ameniambia ananipenda kuliko mwanamke yeyote alivyoambiwa mtaa huu. Ila ni kwa niaba ya marubani. Kwa niaba yake mwenyewe, hata mara moja." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Ningependa nisikie neno moja tu, la kwake. Hata kama ni baya."

"Si umuombe?"

"Nikiliomba, si lake tena."

Baadaye koo la baba mkubwa likaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi, tukadhani ni gesi za friji, tukampa tangawizi. Daktari alipomchungulia hakuzunguka: saratani, na sehemu ya koo inayotoa sauti lazima itolewe. Kupona, huenda. Kuzungumza, basi.

Jioni ya kuamkia upasuaji, wengine wangekaa wakashikana mikono. Thubutu! Mama mkubwa alitoa kurasa. Kitabu kilikuwa kimebaki sura ya mwisho, naye alikuwa ameiandika haraka haraka ili aiwahi ile sauti. Nilimkasirikia, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Nadhani alikuwa anaogopa, na woga wake aliuficha kwenye kazi.

Baba mkubwa alisoma kwa kukwaruza, akipumzika kila baada ya mistari michache. Mimi nilikuwa napiga pasi pembeni, nawaona wote wawili. Akafika katikati ya ukurasa, akaushusha magotini, akautazama mgongo wa mkewe.

"Mlango wa chini ukilia," alisema taratibu, "mimi huwa najua kama ni wewe. Nyayo zako nazijua. Nikishazisikia, basi, siku yangu imekamilika. Sikuwahi kukwambia."

Pasi ilinibaki hewani.

Mama mkubwa hakugeuka. "Hapana, hapana. Umeruka. Rubani ana mlango gani wa chini? Soma kilichoandikwa, mzee, tutachelewa."

Nilitaka kupiga kelele. Baba mkubwa akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, niache. Kisha akauinua ukurasa, akasoma kilichoandikwa mpaka mwisho, na mwanamke wa kitabuni akaambiwa kila kitu alichostahili kuambiwa.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Alipokwisha kuingizwa chumba cha upasuaji tulikaa kwenye benchi, mama mkubwa akimenya yai ambalo hakuwa na nia ya kulila. Ghafla mikono ikasimama.

"Mlango wa chini ni wetu," alisema. Akanigeukia. "Alikuwa anaongea na mimi?"

Nikamwambia ndiyo. Aliinuka, akaupiga ule mlango wa upasuaji kwa viganja mpaka nesi akaja kumshika. Dawa ya usingizi ilikuwa imeshaingia.

Baba mkubwa aliishi miezi michache, kitambaa shingoni. Alipoulizwa kama yale maneno yalikuwa yake aliitikia kwa kichwa, kwa haya, kama mvulana. Alipoombwa msamaha alipunga mkono, ya nini. Kisha saratani ikarudi, tukamzika.

Kitabu kilitoka, kikauzwa vizuri. Mama mkubwa hajaandika kingine. Anaweza kukwambia kila rubani alisema nini, na baba mkubwa alilisemaje kila neno, alivuta pumzi wapi, alikohoa wapi. Lile moja tu hana.

"Maneno ninayo," ananiambia. "Sauti sikuisikia. Nilikuwa nasikiliza nukta."

Kwa hiyo huniuliza mimi. Ananikuta nashona, anavuta kiti, anakaa uso kwa uso na mimi. "Wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

Naacha cherehani. Naishusha sauti yangu ya kike hadi inapogomea, bado haifanani na yake hata kidogo, halafu namwambia tena: mlango, nyayo, siku kukamilika. Anasikiliza mpaka mwisho. Hanikatizi.