Daraja la Mwisho

Mwenye steshenari ya Nyakanazi hulamba kidole kabla ya kugeuza kila karatasi, na jina la mwombaji anayemjazia fomu za chuo hulisoma kwa sauti mara mbili. Ukutani amebandika orodha ya serikali inayopanga vyuo vikuu kwa tafiti na maprofesa, ili wazazi wasibahatishe. Chuo cha mkiani amekizungushia wino mwekundu. Mama mmoja aitwaye Nimpaye, ambaye alama za bintiye zilitosha chuo hicho tu, alidhani ni onyo.

"Hapo ndipo niliposoma mimi," mwenye duka akasema, kidole kikiwa bado mdomoni.

"Si wamekipa dalaja la mwisho, mwanangu?"

"Waache wapange, mama. Daraja ni la kuvukia, na mimi nimevuka. Haya, nitajie jina la binti."