Kiyoyozi cha Kombo

"Mama Rahimu, hivi hicho kiyoyozi chenu ndicho kinachowatoa jasho namna hiyo?"

Aliyeuliza ni Theodora, jirani wa ukuta kwa ukuta hapo Singida mjini, mwezi wa Oktoba mwaka wa tisini na moja. Zabibu alikuwa anashuka kwenye gari la mumewe, gauni limemganda mgongoni kama aliyenyeshewa. Swali lilikuwa la haki. Gari lilikuwa refu, jeusi, vioo vimefungwa mpaka juu, na kila anayetoka mle ndani anatoka ameloa. Zabibu akajibu, "Ni joto la nje tu, jirani. Ukitoka kwenye baridi, linakuvamia." Kisha akaingia ndani haraka. Uongo ule alifundishwa na mumewe, lakini mdomo uliousema ulikuwa wake, na jioni ile alikaa kwenye mswala muda mrefu kuliko siku zote.

Zabibu ni mzaliwa wa Kinampanda, mtoto wa wakulima. Alisoma mpaka darasa la saba, akaja kuolewa mjini na Kombo, ambaye wakati huo alikuwa mtunza stoo wa duka la ushirika. Leo cheo hicho mtu akikisikia anacheka. Miaka ile ya foleni, mtunza stoo alikuwa nusu mfalme. Wazee wenye mvi walimwamkia kijana kwa ajili ya kipande cha sabuni, naye akaitikia marahaba bila aibu, akaizoea.

Ruksa ilipokuja, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, sabuni ikauzwa mpaka kwenye vibanda, na hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kumwamkia Kombo. Mwenye akili angeshukuru kupumzishwa. Yeye aliugua. Hakuwa na homa wala kichwa. Aliugua kupita mahali asitazamwe. Akaingia kwenye mitumba, na Mungu hana choyo, akamjalia. Nyumbani walikula vitumbua alivyokaanga Zabibu alfajiri, watoto walivaa alivyoshona Zabibu, na faida ya mitumba ikawekwa ikisubiri kitu kikubwa. Kitu chenyewe kilikuja siku mali za shirika moja lililofungwa ziliponadiwa. Kombo akanunua gari la bosi.

Lilikuwa limembeba bosi miaka kumi na minne, na lilikuwa limechoka kuliko bosi mwenyewe. Kiyoyozi chake kilishakufa. Wiki ya pili likaanza kuchemsha, likapelekwa kwa fundi Antipasi. Zabibu alikuwepo, amekaa kiti cha nyuma na kikapu chake, akasikia kila neno.

"Hii feni inapoza rejeta, na inazungushwa na injini kupitia hii klachi," Antipasi alisema. "Klachi imekufa. Sasa feni inajizungukia tu, kama kibarua aliyemwona msimamizi kwa mbali."

"Dawa yake?"

"Uagize klachi mpya Dar. Au niikaze kwa bolti, izunguke moja kwa moja na injini. Ila itapiga kelele."

"Kelele kama za nini?"

"Kama za lori, mzee."

Kombo alicheka kwa pua. "Sikununua gari la bosi ili niungurume kama mbeba vitunguu."

"Basi mpaka klachi ije, uwe unafungua hita mpaka mwisho. Hita inanyonya joto la injini na kulimwaga ndani, mshale unashuka. Lakini vioo ushushe vyote, la sivyo mtaiva."

Katika maneno hayo Kombo alishika nusu. Hita aliifungua. Vioo hakuvishusha, kwa sababu mjini kila mtu alijua kwamba gari linalopita na vioo juu wakati wa jua kali ni gari lenye kiyoyozi, na mwenye kiyoyozi ni mtu. Klachi haikuagizwa. Vilivyoagizwa Dar ni vitambaa vyeupe vya viti, kava ya usukani, na chupa ya manukato yenye umbo la taji, ikabandikwa kwenye dashibodi ikawa inachemka pamoja na wenye gari. Ijumaa aliendesha kwenda msikitini, mwendo ambao kuku mwenye kilema angeumaliza, akafika kanzu imelowa kama katumbukia kisimani. Wenye kwenda kwa miguu walifika wakavu. Na akipita barabarani alitikisa kichwa taratibu kuitikia salamu ambazo, ukiangalia vizuri, hakuna aliyezitoa.

Zabibu alivumilia. Joto la kwake mwenyewe lilikuwa jambo dogo. Lililokuja baadaye lilikuwa la mama yake.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata bakuli la uji alilipapasa. Mwezi wa Novemba ikatangazwa kwamba madaktari wa macho watafika hospitali ya Singida siku moja tu, na kuandikisha ni mwisho saa sita mchana. Atakayekosa, mpaka mwaka kesho. Zabibu alitaka kumleta mama kwa basi siku moja kabla. Kombo akakataa. "Mama mkwe wangu apande basi na kuku? Watu watanionaje?"

Kwa hiyo siku yenyewe waliondoka Kinampanda asubuhi, mama na Zabibu nyuma, Kombo mbele. Kwa mila za kwao mama mkwe hamwombi mkwewe kitu wala hamlalamikii. Hata kukaa naye ndani ya gari moja ni aibu ya kutosha. Mama alijitanda kanga mpaka usoni, akageukia mlangoni, kimya. Hita ikafunguliwa. Vioo vilikuwa vya umeme, na swichi za nyuma Kombo alizifunga kutoka mbele.

"Mama, joto?" Zabibu alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Mkwe atasikia."

Zabibu akainama mbele. "Baba Rahimu, tushushie kioo kidogo."

"Vumbi."

"Mbele yetu hakuna gari."

"Vumbi la Iramba halingoji gari."

Lakini walipofika porini pasipo na mtu, alishusha kioo chake yeye, akavuta hewa kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Akitokea hata mwenye baiskeli, kioo juu. Zabibu aliitazama ile shingo inayochuruzika jasho, akajikuta hana hasira. Hasira ni ya mtu unayemheshimu bado.

Misigiri wangepita tu. Ila nje ya mgahawa pale njia panda walikaa wanaume wanakunywa chai, na wawili kati yao walikuwa wale wa foleni za zamani. Kombo akapunguza mwendo, akasimama mbele yao kabisa, injini inanguruma. Mmoja akasogea, akainama kwenye kioo.

"Naona mzee umo kwenye baridi."

Kombo akatikisa kichwa.

"Mbona jasho?"

"Malaria," Kombo akajibu kupitia kioo. "Nimeamka nayo."

Wenzake kwenye benchi wakatazamana, mmoja akaificha sura ndani ya kikombe.

Gari likisimama hakuna upepo wa kupoza rejeta, na feni yao ndiyo ile ya kujizungukia. Zabibu aliuona mshale unapanda.

"Baba Rahimu, mshale."

"Nauona."

"Basi zima."

"Gari lenye kiyoyozi halizimwi hovyo mbele za watu."

Hapo ndipo mama alipomwangukia begani, mwepesi kama ganda la mahindi, ngozi inaunguza. Mbele boneti ikafoka. Mvuke ukapanda, maji ya kutu yakamwagika barabarani. Zabibu alifungua mlango, akamtoa mama, akamlaza kivulini penye ukuta wa mgahawa, akaomba maji, akawa anamdondoshea mdomoni. Mama akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo, "Mkwe hajakasirika?"

Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Kombo alikuwa anawaeleza watu habari za petroli mbovu za siku hizi. Alipomwona mkewe anasimama akamfuata, akasema kwa chini, "Subirini lipoe. Dakika kumi tu. Wakikuuliza, sema kiyoyozi ndiyo kimeharibika leo. Usinivunjie heshima."

Ng'ambo ya barabara lori la vitunguu lilikuwa linawaka kwa kishindo, tayari kuondoka kwenda Singida. Dereva wake alikuwa Isaka wa Kinampanda, aliyesoma darasa moja na kaka yake. Zabibu alivuka, kanga mkononi, watu wote wanamtazama.

"Dada vipi," Isaka alisema, kiwiko nje ya dirisha. "Umelichoka gari la baridi?"

Zabibu akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la chai, "Mle hamna baridi, Isaka, ni hita, na feni ni mbovu. Naomba utupakie mimi na mama mpaka hospitali, na vioo uviache wazi."