Siku Mama Yake Shefu Alipoonja Tortiya Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mkahawa wa Kimeksiko pale Ladywood, Shefu, mpishi mkuu wetu, alinikabidhi beseni la mahindi yaliyochemshwa na kulazwa kwenye maji ya chokaa, akaniambia niyasugue. Nilicheka kimoyomoyo. Yaani nimetoka Kitui, kwenye muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, nikaja Birmingham kuambua maganda ya mahindi! Nilisema ni kazi ya muda tu, nikingoja nafasi ya uuguzi kama wenzangu wa kanisani. Nikakaa hadi nikastaafu.

Nyinyi vijana mnanunua tortiya za pakiti, poleni sana. Sisi tulisaga mahindi hayo yakiwa bado na maji, tukapata donge laini liitwalo masa. Tulilibana likawa kama chapati nyembamba, tukalichoma juu ya komali, yaani bamba la chuma lenye moto mkali. Kugeuza ni kwa vidole. Tortiya nzuri hufura. Isipofura, tuliila wenyewe.

Shefu alizaliwa Meksiko. Alianza na kibanda sokoni, akafungua mkahawa, akaandika vitabu viwili vya mapishi. Mama yake hakuwahi kuvifungua. Alikuwa amemsomesha bintiye huyo awe mhandisi, na kwake kuwapikia watu ugenini kulikuwa kazi ya kijakazi. Jambo hilo lilimuuma Shefu kuliko alivyokubali kusema.

Hatimaye mama huyo akaja kututembelea. Asubuhi hiyo Shefu, aliyezoea kutugombeza sote, hakuweza hata kushika donge.

“Pika wewe, Mama Mutua,” akaniambia. “Mikono yangu inakataa.”

Nikapika. Ya kwanza ikafura, na ya pili. Mama mgeni alikula akiwa amesimama palepale jikoni, akasema kitu kwa Kihispania. Shefu akaangua kicheko, akanitafsiria kwamba, kwa kuwa tortiya zangu zinafura, sasa naweza kuolewa. Mimi, mjane mwenye wajukuu! Nikamjibu kwamba kama ana mtu, amlete tumwone.

Kisha mama huyo akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamshika Shefu bega. Mama akamtazama binti yake, akazungumza polepole, na Shefu akaanza kulia. Baadaye aliniambia maneno yenyewe: “Nilidhani wewe ni mtumishi wao. Kumbe ni mwalimu.”

Nimestaafu sasa, niko zangu Castle Vale, na zawadi za kuniaga nimezipanga sebuleni. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni mchana ule: mama na binti bega kwa bega mbele ya komali, wakinyang'anyana donge la mwisho, na wateja wamejaa mezani wakingoja chakula.