Aliyelipa Kutazama Daraja

Katika miaka ya vita vya pili nchini kwetu, waasi walipokuwa wameishika Butembo na kila mtu akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, mjomba wangu alikuwa na chumba cha michezo ya televisheni katika mtaa wetu wa Vulamba. Alikuwa na televisheni moja, jenereta iliyokohoa kuliko babu yetu, na mabenchi ya kanisa yaliyokwisha kazi. Shule yangu ilikuwa imefungwa, basi nilipewa kazi ya kukaa mlangoni na kuangalia nani anaingia. Kazi hiyo ilinifaa. Mama alizoea kusema kwamba nilipozaliwa nilimkagua hata mkunga.

Kaseti ya mchezo ninaousimulia ililetwa na dereva wa lori, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akipakia bidhaa Kasindi, mpakani. Alidhani ni mpira. Tulipoiwasha tukaona picha za vidoti vya mraba. Ukikaa karibu hukuona mtu, uliona kama shuka la viraka. Ukirudi nyuma kidogo unamwona kijana na mama yake mzee, wamekimbia moto, wanatembea mlimani, mama kashika taa. Wanafika kwenye daraja la kamba lenye nguvu ya kubeba mtu mmoja tu. Mama anaketi chini. Ukikaa naye, baridi inamuua mikononi mwako. Ukivuka bila yeye na kuendelea na safari, unageuka mara moja tu, unaiona taa yake ng'ambo ikizimika.

Sijui nani aliyetengeneza kitu kama kile, na mpaka leo simwamini. Lakini wanaume waliozoea kupigia kelele magoli walitoka mle ndani wakijifanya wameingiwa na moshi wa jenereta machoni, kisha wakagombana hadi barabarani. Katekista wa parokia yetu alisema atakayevuka ana dhambi, hata kama ni vidoti. Dereva alimjibu kwamba katekista hajawahi kusafiri na msafara wa malori: anayebaki nyuma anabaki, na anayemngojea wanabaki wawili. Mjomba wangu alisema mchezo usio na njia ya kushinda ni wizi wa mchana. Kila mmoja alikuwa na maoni yake, na tulianza kupimana kwa maoni hayo. Fulani amevuka haraka mno. Fulani amekaa na yule mama lakini hakulia. Siku zile hatukuhitaji zaidi ya hapo kumshuku mtu.

Ndipo akaja kijana mmoja wa Luofu, kijiji cha kusini. Alikuwa mkimbizi, mrefu, mwenye kovu juu ya jicho, na kila alipoketi alivua kiatu cha kushoto. Alilala kwa wakimbizi wenzake nyuma ya soko, akafanya kibarua cha kushusha magunia. Mara ya kwanza alicheza kama sisi wote. Alipofika darajani alivuka bila kusita, akasimama mwisho wa kamba, na hapo akahifadhi mchezo wake. Kaseti iliweza kukumbuka mahali ulipoachia, ukaanzia hapohapo kesho yake.

Kesho yake alilipa, akaanzia hapohapo, na hakubonyeza kitu. Alitazama tu. Upande mmoja wa daraja yuko kijana wa vidoti, upande wa pili yule mama ameketi na taa inawaka. Muda wake ulipokwisha alivaa kiatu, akarudisha maneti, kile kidude cha kubonyezea, akatoka. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena.

Sasa niambie, nani analipa ili asicheze? Sisi tulikuwa na jibu. Mtu wa namna hiyo macho yake yako kwenye televisheni lakini masikio yake yako kwenye benchi. Pale watu walizungumza: lori gani linapita wapi, nani ana mtoto msituni na wapiganaji wa Mai-Mai, askari gani wa waasi amelewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama alisema, na akanikataza kumpa hata maji. Nilianza kumhesabia kila anapogeuza shingo. Alipokohoa, nilitazama nani mwingine amekohoa baada yake. Nilikuwa na hakika kabisa.

Kilichombakiza hai kwa siku hizo ni kwamba hatukukubaliana ni jasusi wa nani. Kama ni wa askari, Mai-Mai wangekuja kutuuliza. Kama ni wa Mai-Mai, askari wangetuchomea nyumba. Mjomba alianza kusema afadhali tumpeleke sisi wenyewe kambini kwa askari kabla hatujapelekwa, na sote tulijua kwamba waliopelekwa kambini hawakurudi kula chakula cha jioni kwao. Dereva akashauri apimwe kwanza. Mchezo wake uendelezwe mbele yake, tuone atafanya nini. Jasusi hatajali. Hana haja na mchezo.

Basi alasiri moja kijana aliingia, akavua kiatu, akanyoosha mkono apewe maneti. Mjomba hakumpa. Aliwasha mwenyewe pale yule kijana alipohifadhi, daraja likatokea, na mama akiwa na taa yake. Mimi nilifunga mlango nikauegemea kwa mgongo.

"Leo tunaendelea mbele," mjomba alisema.

"Noko, mjomba, hapana endelea," kijana alisema. "Acha vile iko."

Mjomba akatutazama sisi, kama kusema mnaona. Akabonyeza. Yule kijana wa vidoti akapiga hatua, akageuka, na ng'ambo taa ikazimika. Muziki mdogo ukalia. Kijana wa Luofu alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni, na uso wake ulikuwa umebadilika hata mimi nikaogopa.

Mjomba alimwuliza, sasa kwa sauti ya chini, mchezo ule ulikuwa na nini.

"Mama yangu nilimuacha ku shamba ya maharagi," alisema. "Batu balikuwa banapiga masasi, magulu yake ikakataa. Nilimupatia lampe, nikamwambia, ngoya, nakuya. Sijarudia. Kama mutu hajaenda kuona, mama yake angali anaikaa pale. Njo ile nilikuwa naangalia."

Alivaa kiatu chake taratibu, akaja mlangoni, nami nikampisha. Mtu mwenye akili angelia. Mimi bado nilijiuliza kama hadithi ile hakuitunga njiani.

Asubuhi dereva alimwona akidandia lori la viazi lililokuwa likirudi tupu kuelekea Lubero na kusini. Alimwita, akamwambia barabara ya huko si nzuri wiki ile. Kijana alimjibu kwamba sasa ameshaona taa inazimika, inabidi aende ahakikishe.

Majani ya maharagwe hayakuwa yamekauka bado mashambani kwetu bibi mmoja alipofika mlangoni kwangu, mchana, chumba kimejaa. Alitembea kwa fimbo, amefunga kitenge kilichofifia, ameshika taa ya mafuta isiyo na kioo. Alisema anatafuta mtoto wake. Nyuma ya soko wamemwambia alikuwa akishinda hapa. Mama alitoka jikoni kwetu, nyuma ya chumba, kwa haraka na kuanza kumhoji kama askari wa kizuizini. Ametoka wapi, amepita njia gani, nani amemleta, huyo mtoto anafananaje? Bibi alijibu yote bila kukasirika. Ana kovu hapa. Akiketi huvua kiatu cha kushoto, toka alipoungua mguu akiwa mdogo.

Mama alimshika mkono akamketisha kwenye benchi la mbele. Hapo ndipo nilipoyaamini maneno ya yule kijana, na niliona aibu.

"Aliniambia ningoye, nikangoya," bibi alisema. "Nikawaza, huyu mutoto atarudia juu ya kunitafuta, bamuue mu njia. Nikasema heri miye mwenyewe niende. Tulipita ku vilima na bale babebaka maharagi, polepole. Sasa mutoto iko wapi?"

Mjomba alimwambia. Sijui alipata wapi nguvu. Alimwambia kwamba kijana amerudi Luofu kumtafuta, kwa lori, kwa njia ya chini, na kwamba tangu hapo hatujasikia kitu. Bibi alitikisa kichwa kidogo kidogo, muda mrefu, huku akiishika taa yake magotini. Nyuma yake televisheni ilikuwa ingali inawaka, kwa bahati mbaya si mpira uliokuwa ukichezwa, ni lile daraja.

Kisha akainua macho, akatuuliza sote, kama mtu anayewauliza wenyeji njia.

"Basi nimungoyee hapa, ao nirudie kule?"

Katekista alikuwepo. Dereva alikuwepo, na mjomba, na wote waliokuwa wamegombana mwezi mzima juu ya daraja lile. Nilimtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa na maoni.