Mwenye Nyumba Aliyebisha Hodi Jikoni Kwake

Mzee niliyemtunza katika mji wa Falls Church, Marekani, alikuwa na miaka tisini na minane, Mwingereza aliyemfuata mke wake Mmarekani huku zamani sana. Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni mwa jiko nikabisha hodi. Katika nyumba niliyofanyia kazi kabla ya hapo nilikuwa nakula nimesimama kando ya mashine ya kufulia, kwa hiyo nilizoea kuomba ruhusa kwa kila kitu.

"Hapa jikoni usibishe hodi," akasema. "Tafadhali."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikadhani nimemkosea.

Wiki kadhaa baadaye, nikimnyoa ndevu, akanieleza. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, serikali yake ilimpeleka Ujerumani, katika sehemu waliyoitawala Waingereza. Hakuwa askari, alikuwa karani wa makazi. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea Wajerumani barua za kuwaambia wahame, nyumba zao zimechukuliwa na maofisa. Yeye mwenyewe alipewa nyumba ya mjane mmoja, na mjane akahamishiwa chumba cha chini kilichokuwa cha kuwekea makaa. Asubuhi moja ya baridi kali akasikia hodi. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake mwenyewe, ameshika sufuria yenye viazi vitatu, anaomba kuvichemsha.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Kwamba sheria hairuhusu. Akanishukuru, akateremka."

Nikamfuta povu shavuni.

"Kesho yake nilishuka nikamwambia jiko ni lake. Mkubwa wangu alipojua alinikaripia mbele ya wenzangu, lakini sikumfungia tena."

Mjane huyo ndiye aliyemfundisha kupika supu ya viazi, na Kijerumani alikijulia hapo hapo, wakimenya.

Nilikaa na mzee miaka miwili. Nilipika ugali na sukuma wiki. Alilalamika kwamba ugali ni mgumu, kisha akaomba aongezewe. Tulikula meza moja kila siku, na binti yake akija kutoka Germantown, mji usio mbali na hapo, alitukuta tukibishana kuhusu chumvi. Mimi niliyeanza kujiona kivuli katika nyumba za watu, pale nilijiona mtu tena.

Alipofariki, nilikwenda kanisani nikakaa nyuma kabisa. Binti yake akanifuata, akanishika mkono, akanipeleka safu ya mbele, kati yake na mumewe. Nilitaka kumshukuru kwa Kiingereza, likatoka neno la Kiswahili. Akanielewa.